Kidonge cha Jioni: Somo kwa Kamati za Sharika kuhusu Dawa ya Saratani ya Damu kwa Watoto

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya kamati za diakonia na afya za sharika, pamoja na marafiki wanaochangia huduma ya wagonjwa. Linaweza kusomwa katika kikao kimoja, mwanakamati mmoja akisoma kwa sauti na wengine wakifuatilia. Mwishoni yapo maswali ya majadiliano.

Baada ya somo hili mwanakamati aweze:

1. Kueleza kwa maneno yake mwenyewe kidonge cha merkaptopurini ni nini na kinamsaidiaje mtoto mwenye saratani ya damu.
2. Kueleza kwa nini mtoto anayeonekana mzima bado anahitaji kumeza kidonge hicho kwa muda wa miaka miwili au zaidi.
3. Kutaja mambo yanayoweza kumkatiza mtoto matibabu akiwa nyumbani.
4. Kupanga msaada wa usharika ili uendelee hadi kidonge cha mwisho.

1. Ugonjwa wenyewe

Damu hutengenezwa ndani ya mifupa, katika ute laini uitwao uboho. Humo hutoka chembe nyekundu zinazobeba hewa, chembe nyeupe zinazopigana na magonjwa, na chembe ndogo zinazogandisha damu tunapojikata. Katika saratani ya damu iitwayo lukemia, chembe nyeupe changa huanza kuzaana bila mpango. Hazikomai wala hazifanyi kazi, bali hujaza nafasi ya chembe nzuri.

Aina inayowapata watoto wengi zaidi ni lukemia kali ya limfu. Ndiyo saratani inayoongoza kwa watoto duniani, na huwapata zaidi wenye umri wa miaka 2 hadi 5. Neno "kali" hapa lina maana kwamba ugonjwa huja kwa kasi, ndani ya wiki chache.

Dalili zake hufanana na za magonjwa tuliyoyazoea. Mtoto hupauka, hupata homa zinazorudi, huumwa miguu na mifupa, huvimba tezi, huvilia damu chini ya ngozi au hutoka damu puani na kwenye fizi. Familia nyingi hutibu malaria mara mbili au tatu, kisha huongezewa damu, kabla mtu hajafikiria jambo jingine. Hivyo basi, mtoto aliyetibiwa malaria na upungufu wa damu akarudia hali ile ile, apelekwe mahali penye kipimo cha wingi wa chembe za damu, ambacho maabara zetu hukiita FBP, na damu yake iangaliwe kwa darubini.

Ikumbukwe kwamba ugonjwa huu hauambukizi. Mtoto anaweza kula sahani moja na ndugu zake. Wala haukuletwa na kosa la mama au jirani mwenye jicho baya.

2. Dawa ilivyopatikana

Hadi miaka ya 1940 lukemia kali haikuwa na dawa. Mtoto aliyegundulika nayo aliishi miezi mitatu au minne hivi. Mwaka 1948, Dk. Sidney Farber wa Boston, Marekani, alitangaza kwamba dawa iitwayo aminopterini iliweza kurudisha nyuma ugonjwa kwa baadhi ya watoto. Hata hivyo nafuu ilikuwa ya muda tu.

Wakati huo huo katika jimbo la New York, mwanamke aitwaye Gertrude Elion alikuwa akifanya kazi katika maabara ya kampuni ya dawa ya Burroughs Wellcome, chini ya George Hitchings. Elion alizaliwa mwaka 1918. Alipokuwa na umri wa miaka 15 babu yake alifariki kwa saratani ya tumbo, na msiba huo ndio uliomfanya achague masomo ya sayansi. Alipomaliza chuo, maabara nyingi zilikataa kumwajiri kwa sababu ni mwanamke. Hakuwahi kumaliza shahada ya udaktari wa falsafa.

Elion na Hitchings walitengeneza merkaptopurini mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ilijaribiwa kwa watoto wenye lukemia mjini New York, na mwaka 1953 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiruhusu itumike. Mwaka 1988 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba, pamoja na Mwingereza James Black.

Lakini dawa hii peke yake haikuponya. Iliongeza maisha hadi kama mwaka mmoja, kisha ugonjwa ukarudi. Hatua kubwa ilikuja baada ya mwaka 1962, katika hospitali ya watoto ya St. Jude mjini Memphis. Dk. Donald Pinkel na wenzake waliunganisha dawa kadhaa, wakatibu pia ubongo na uti wa mgongo ambako ugonjwa hujificha, kisha wakaendelea na vidonge kwa miaka. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960 karibu nusu ya watoto wao walikuwa wakipona. Leo katika nchi tajiri watoto wapatao 90 kati ya 100 wenye lukemia hii hupona, na merkaptopurini bado ni mojawapo ya dawa wanazomeza. Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha ya dawa muhimu kwa watoto.

3. Dawa inavyofanya kazi

Kila chembe ya mwili inapotaka kugawanyika kuwa mbili, ni lazima kwanza inakili vinasaba vyake. Ili kunakili inahitaji vipande vya kujengea, kama fundi anavyohitaji matofali. Merkaptopurini ina umbo linalofanana sana na mojawapo ya vipande hivyo. Chembe huipokea, huigeuza na kuijenga ndani ya vinasaba vyake, ikidhani ni tofali halali. Ukuta wa namna hiyo hausimami, na chembe hufa.

Kutokana na maelezo haya tunajifunza mambo matatu.

Kwanza, dawa hii hukamata zaidi chembe zinazogawanyika. Chembe iliyopumzika leo haiguswi. Itaguswa siku itakapoamka, ikiwa siku hiyo dawa imo mwilini.

Pili, chembe nzuri za uboho nazo hugawanyika kila siku, kwa hiyo dawa huzipunguza pia. Ndiyo maana mtoto hupimwa damu mara kwa mara. Daktari hutaka chembe nyeupe zishuke kiasi, maana ni alama kwamba dawa inafanya kazi, lakini zisishuke mno mtoto akakosa kinga. Dozi hupandishwa na kushushwa kwa kufuata kipimo hicho.

Tatu, watu hawafanani katika kuivunja dawa hii mwilini. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya, takribani mmoja kati ya 300 amezaliwa bila kimeng'enya kinachoipunguza makali, na dozi ya kawaida inaweza kumwangamiza uboho. Kwa sababu hiyo dozi ya mtoto wa jirani haiwezi kuwa dozi ya mtoto wako, hata kama wana uzito mmoja.

4. Kwa nini miaka miwili?

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu, na tunaomba kamati isiharakishe.

Siku mtoto anapogundulika, mwilini mwake zinaweza kuwamo chembe za saratani zipatazo bilioni 1,000. Hatua ya kwanza ya matibabu, inayochukua wiki nne hivi hospitalini, huziua nyingi sana. Daktari akiangalia uboho kwa darubini haoni tena ugonjwa. Homa imekwisha na mtoto anakula vizuri. Familia inashukuru, na ni haki yao kushukuru. Lakini chembe hadi bilioni 10 zinaweza kuwa bado zimo, zimetawanyika kiasi kwamba darubini haizioni. Matibabu yakikoma hapo, karibu kila mara ugonjwa hurudi, na ukirudi huwa mgumu zaidi kuutibu.

Ndiyo maana hufuata miezi kadhaa ya dawa nzito, na baada yake hatua ndefu ambayo hapa tutaiita hatua ya mwendelezo. Katika hatua hii mtoto yuko nyumbani. Humeza merkaptopurini kila siku, na dawa nyingine iitwayo methotreksati siku moja kwa wiki, huku akirudi hospitali kwa vipimo na baadhi ya sindano. Tangu mwanzo hadi mwisho matibabu huchukua miaka miwili hadi mitatu.

Wapo waliojaribu kufupisha. Katika miaka ya 1990 madaktari nchini Japani waliwapa watoto dawa nzito zaidi mwanzoni, kisha wakakatisha hatua ya mwendelezo baada ya miezi sita. Matokeo hayakuwa mazuri: ugonjwa uliwarudia watoto wengi mno.

Labda mwanakamati atauliza, mbona uvimbe wa taya hutibiwa kwa miezi michache tu? Uvimbe huo, aliouelezea Dk. Denis Burkitt akiwa Kampala mwaka 1958, nao ni saratani ya jamii ya limfu. Lakini chembe zake hugawanyika kwa kasi kubwa sana zote kwa pamoja, hivyo dawa nzito za muda mfupi huzikuta ziko macho. Chembe za lukemia ya limfu nyingine hulala na kuamka kwa zamu. Anayezisubiri ni lazima awe mlangoni kila siku.

Je, siku chache zikirukwa kuna madhara? Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2015 ulifuatilia zaidi ya watoto 700 waliopewa chupa za dawa zenye kifuniko cha kielektroniki, kinachorekodi kila chupa inapofunguliwa. Waliomeza chini ya asilimia 95 ya dozi zao walikuwa na hatari ya ugonjwa kurudi zaidi ya mara mbili ya wenzao. Tuchukue kalamu tuhesabu. Katika mwezi wa siku 30, mtoto akikosa siku moja amefikia asilimia 97. Akikosa siku mbili ameshuka hadi 93. Siku mbili kwa mwezi si nyingi machoni petu, lakini zinatosha kumtoa mtoto upande wa usalama.

Watafiti hao hao waligundua mambo mengine mawili yanayotuhusu. Sababu kubwa ya kukosa dozi ilikuwa kusahau tu. Na familia nyingi zilipoulizwa zilitaja siku nyingi kuliko kifuniko kilivyoonyesha, zaidi katika nyumba ambazo dozi zilirukwa. Mzazi anayeulizwa kwa ukali hujitetea. Waliokosa dozi zaidi walikuwa vijana wa miaka 12 na kuendelea, na watoto wanaolelewa na mama peke yake. Nyumba za namna hiyo tunazijua katika kila mtaa.

5. Hali ya Afrika Mashariki

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona, wakati katika nchi nyingi maskini hawafiki asilimia 30. Mwaka 2018 shirika hilo lilianzisha mpango wa dunia wa saratani za watoto, wenye lengo la kufikisha angalau asilimia 60 ifikapo mwaka 2030. Lukemia kali ya limfu ni mojawapo ya magonjwa sita yaliyopewa kipaumbele.

Hapa Tanzania matibabu ya saratani za watoto hutolewa Muhimbili, Dar es Salaam; Bugando, Mwanza; na KCMC, Moshi. Wataalamu wapo na vidonge hivi vinajulikana. Lakini kati ya hospitali na nyumba ya mtoto kuna barabara ndefu.

Mfano mmoja unatoka kwa jirani zetu wa Kenya. Utafiti uliofanywa katika hospitali ya rufaa ya Eldoret uliangalia watoto waliogundulika kuwa na saratani mbalimbali kati ya mwaka 2007 na 2009. Miongoni mwa wale ambao mwisho wa matibabu yao ulijulikana, asilimia 54 waliyaacha njiani. Walioacha walikuwa wengi kuliko ambao ugonjwa uliwashinda wakiwa bado wanatibiwa. Sababu ambazo familia za namna hii hueleza ni zile zile: fedha, kukosa bima, na nauli.

Hata pale ambapo dawa zenyewe hutolewa bila malipo, nauli hailipwi na dawa. Tufanye hesabu nyingine. Mtoto akienda kliniki mara moja kwa mwezi kwa muda wa miezi 24, anakwenda na mzazi mmoja. Watu wawili, kwenda na kurudi, ni nauli nne kwa kila safari. Jumla ni nauli 96. Kila kamati izidishe 96 kwa nauli ya basi kutoka usharikani kwao hadi hospitali ya rufaa. Hapo hatujaweka chakula, malazi, wala siku ambazo mama hakulima wala kufungua genge lake.

Sasa tuangalie desturi yetu. Mtoto anapolazwa, tangazo hutolewa ibadani, sadaka maalumu hukusanywa, na wakati mwingine mnada hufanyika nje ya kanisa. Mchango huo ni mwema na umeokoa maisha. Lakini hutolewa wote katika mwezi wa kwanza, mtoto akiwa amedhoofika na kila mtu anamwona. Baada ya miezi minane nywele zimeota tena, mtoto amerudi shuleni na Shule ya Jumapili, na hakuna anayeuliza habari zake. Hapo ndipo nauli inapokwisha, na zimebaki kama nauli 60.

6. Mambo ambayo kila nyumba yapaswa kuyajua

Kamati haimtibu mtoto. Kazi yake ni kuhakikisha familia imeyaelewa maelekezo ya hospitali. Yafuatayo ni ya jumla, na neno la mwisho ni la daktari wa mtoto.

*Kila siku na kila wiki.* Merkaptopurini ni ya kila siku. Methotreksati katika ugonjwa huu ni ya siku moja kwa wiki. Kuibadili methotreksati ikawa ya kila siku kumewahi kuua watu. Vyombo vya dawa hizi mbili vitenganishwe, na siku ya methotreksati iandikwe ukutani kwa herufi kubwa.

*Dozi iandikwe.* Kidonge cha merkaptopurini kina miligramu 50, na kwenye boksi huenda ikaandikwa 6-MP. Dozi hutegemea ukubwa wa mwili, hivyo mtoto anaweza kuambiwa ameze kimoja siku tano na nusu siku mbili. Maelekezo ya namna hiyo hayakai kichwani, yawekwe kwenye karatasi.

*Saa moja ile ile.* Hospitali nyingi huelekeza jioni. Zamani ilisisitizwa mtoto asile wala asinywe maziwa karibu na dawa. Utafiti wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba jambo kubwa ni kumeza kila siku bila kukosa. Familia ichague saa inayowezekana na kuifuata.

*Dozi iliyorukwa.* Mtoto asipewe mbili kesho yake. Akitapika baada ya kumeza, hospitali iulizwe.

*Homa.* Mtoto aliye katika dawa hizi akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Kumpa dawa ya kushusha homa na kusubiri asubuhi ni hatari. Vivyo hivyo akitokwa damu, au macho yakiwa ya njano.

*Surua na tetekuwanga.* Magonjwa haya humshambulia vikali mtoto wa namna hii. Mwalimu wa shule na wa Shule ya Jumapili wakiona mtoto mwingine ana vipele vya aina hiyo, wamjulishe mzazi mara moja. Chanjo yoyote itolewe kwa ushauri wa hospitali inayomtibu.

*Dawa nyingine.* Alopurinoli, ambayo wazee wengi hunywa kwa ajili ya gauti, huzuia mwili kuivunja merkaptopurini na kuifanya iwe kali mara kadhaa. Mitishamba nayo daktari aelezwe bila woga. Septrin ikiwa imeandikwa na hospitali, itumike kama ilivyoandikwa.

*Usalama wa nyumba.* Dawa iwekwe pakavu, pasipo mwanga, mbali na watoto wengine. Mama mjamzito asivunje wala kusaga vidonge hivi. Anayesafisha matapishi au mkojo avae glavu na kunawa.

*Kusimamisha kwa muda.* Chembe zikishuka mno, daktari husimamisha vidonge kwa wiki moja au mbili, kisha huanza tena. Neno "simamisha" limewapoteza wengi, kwa kuwa familia husikia "acha". Kila mara dawa inaposimamishwa, mzazi aombe aandikiwe tarehe ya kurudi kupimwa, na mwanakamati aijue tarehe hiyo.

7. Maombi, ushuhuda na vidonge

Jambo hili haliwezi kupitwa katika jarida kama hili. Mtoto akimaliza hatua ya kwanza na darubini isione ugonjwa, ni kawaida familia kusimama ibadani na kutoa shukrani. Mara nyingine, katika mikutano ya maombi, hutamkwa kwamba kuendelea na dawa ni kukosa imani. Mzazi aliyechoka na aliyeishiwa nauli hupokea neno hilo kama ruhusa.

Wachungaji, wainjilisti na wazee wa kanisa wana sauti ambayo daktari hana. Tunawaomba waitumie kusema wazi kwamba maombi hayagombani na kidonge, na kwamba shukrani ya mwisho itatolewa siku kidonge cha mwisho kitakapomezwa. Hadi hapo shukrani iwe ya kila mwezi mtoto anaporudi kliniki. Usharika ukiizoea shukrani ya namna hiyo, utakuwa pia umeikumbuka nauli.

8. Kazi ya kamati

Tunapendekeza hatua tano, ambazo usharika wowote unaweza kuanza nazo.

Kwanza, kamati ichague watu wawili wa kuitembelea familia, mmoja akiwa mtu ambaye mama wa mtoto amemkubali. Mambo yao yabaki kwao.

Pili, familia ipewe kalenda na kalamu. Kila jioni baada ya kumeza, mtoto mwenyewe atie alama. Kijana aliyefikia miaka 12 asiachiwe peke yake kwa kuwa ni mkubwa, awepo mtu mzima anayemwona akimeza.

Tatu, mwanakamati anapotembelea asihoji. Aombe wahesabu vidonge pamoja na kuangalia vinatosha hadi siku gani. Vikizidi au vikipungua, aulize nini kimekuwa kigumu, na asaidie hapo.

Nne, mchango ugawanywe kwa miezi. Fedha zilizokusanywa mwanzoni zisikabidhiwe zote kwa mara moja. Fungu la nauli litengwe kwenye akaunti ya usharika na kutolewa kabla ya kila kliniki, kwa simu au mkononi, huku mhazini akiandika tarehe na kiasi. Taarifa isomwe katika kikao kwa idadi ya safari, bila kutaja ugonjwa wa mtu.

Tano, kamati iwe na namba ya simu ya wodi au kliniki, kwa ruhusa ya mzazi. Mtoto asipofika siku yake, mtu ajue siku hiyo hiyo na kwenda nyumbani kuuliza.

Aidha, kamati isinunue vidonge hivi mitaani ili kuokoa safari. Kidonge bila kipimo cha damu kinaweza kumdhuru mtoto, na kidonge cha asili isiyojulikana kinaweza kisiwe dawa.

9. Neno kwa wafadhili

Marafiki wetu hupenda kuona walichochangia: jengo, mashine, gari. Nauli 96 na vipimo vya damu havipigwi picha vizuri. Hata hivyo, gharama kubwa ya wiki za kwanza hospitalini huwa imepotea bure ikiwa hatua ya mwendelezo itakatika. Shilingi inayomrudisha mtoto kliniki katika mwezi wa 15 inalinda kila shilingi iliyotangulia.

Kwa hiyo tunawaomba mambo mawili. Ahadi iwe ya muda wote wa matibabu, hata kama ni ndogo, kuliko kiasi kikubwa cha mara moja. Na taarifa mtakayopokea iwe ya hesabu: watoto wangapi walianza, wangapi wamehudhuria kliniki zao zote, wangapi wamekatika na kwa sababu gani. Msidai picha wala jina la mtoto. Huyu ataishi, ataoa au kuolewa, atatafuta kazi, na ana haki ya kuchagua nani ajue habari zake.

Maswali ya majadiliano

1. Katika usharika wetu, je, yupo mtoto aliyewahi kupewa mchango wa matibabu? Leo yuko wapi, na nani anajua?
2. Zidisheni nauli 96 kwa nauli ya kutoka hapa hadi hospitali ya rufaa. Je, familia ya kawaida ya mtaa wetu inaweza kuibeba peke yake?
3. Mzazi anasema, "Daktari amesimamisha dawa." Mtamuuliza nini?
4. Mtoto ana homa saa nne usiku. Nani ana usafiri, na nani atapigiwa simu?
5. Ni neno gani hutamkwa katika mikutano yetu ambalo linaweza kumfanya mzazi aache dawa? Nani atalirekebisha, na kwa hekima gani?
6. Baada ya miezi minane, kamati itajikumbushaje? Andikeni tarehe ya kikao hicho sasa, kabla hamjatawanyika.